Kopo Chini ya Kiti

Kwa Nuru, dawa ya kuzuia kuharisha ilifanya kazi upesi kuliko moto wa makaa. Mtu alikuja amejishika tumbo, akameza kapsuli mbili, akakaa kwenye ubao wa mbele ya farmasi akipiga domo, na kabla hajamaliza habari zake tumbo lilikuwa limeanza kutulia. Akasimama, akajipapasa, akacheka. "Dokta, umenifunga kama gunia la muchele!" Nuru akacheka naye. Safi, mke mkubwa wa nyumba ile ile, alikuwa hatua ishirini nyuma yao, uani, akitwanga sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kila kicheko kilimwingia kama mchanga wa jicho.

Farmasi yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao kilichopakwa bluu, kimeegemea ukuta wa nyumba, dirisha lake likitazama barabara ya mtaa wa Mikelenge. Mume wao, Hamadi, alikijenga mwaka uliopita, alipopata bahati katika biashara ya mawe ya madini huko Kalima. Safi alikuwa ameomba kibanda cha kuuzia mafuta ya mawese kwa miaka tisa. Aliambiwa subiri. Nuru alikaa kwenye ndoa miaka miwili, akaomba mara moja. Alikuwa amesoma unesi mwaka mmoja huko Kibombo akaacha, na huo mwaka mmoja ulitosha watu wamwite dokta.

Safi naye alikuwa na kazi ya afya, lakini ya kujitolea. Alikuwa mama relais, mjumbe wa afya anayepita mlango kwa mlango. Alipewa kizibao cheupe ambacho sasa kilikuwa na rangi ya chai, na sanduku la plastiki lenye vidonge vya zinki na vifuko vya unga wa chumvi na sukari, dawa ambayo kituo cha afya hutoa bure kwa watoto wanaoharisha. Shida ya unga ule ni moja. Haufungi tumbo. Unarudisha maji mwilini tu, mtoto anaendelea kuharisha siku mbili, tatu, lakini hafi. Sasa mweleze mama anayefua vitambaa mara kumi kwa siku kwamba dawa inafanya kazi. Atakusikiliza kwa heshima, kisha atapita kwa Nuru.

"Mama Yassine, leo sombe inatwangwa ao inauawa?" Alikuwa Odette, jirani yao wa upande wa kulia, mwanamke mnene wa kanisani ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Aliingia bila kubisha, akavuta kibao, akakaa.

"Ile kapsuli yake," Safi akasema, "inafunga mulango, na mwizi iko ndani."

"Na wewe ulitaka ufunguo wa farmasi."

"Sisemi farmasi. Nasema mutoto mudogo. Mukubwa atavumilia. Mutoto, tumbo linasimama, linajaa, njo basi, ndiyo mwisho."

Odette akachukua jani moja la sombe lililoanguka, akalirudisha kwenye kinu. "Mama Yassine, mimi minakupenda. Lakini hata ukisema mvua inalowesha, kama inanyesha upande wa Nuru, watu watasema njo wivu."

Safi akanyanyua mchi, akaushusha. Odette alikuwa amesema kweli mbili kwa mara moja. Kapsuli ile haifai mtoto mdogo. Na wivu ulikuwapo.

Ya kapsuli hakuyasikia kwa mtu. Wakati wa vita, mwaka ule mji ulipozingirwa na chumvi ikauzwa kwa kijiko, mtoto wake wa kwanza, Yassine, aliharisha siku mbili. Safi alikwenda bandarini kwa mtu mwenye mfuko wa dawa, akampa kitenge chake cha arusi, chekundu chenye mikia ya tausi, akapewa kapsuli nne. Jioni mtoto akakauka, mama akamshukuru Mungu. Kesho yake tumbo la Yassine lilikuwa gumu kama ngoma. Keshokutwa walimzika. Baadaye, mahali pa kugawia uji, muuguzi mmoja alimpa kopo la plastiki la kijani lenye mstari wa lita moja, akamfundisha kuchanganya unga na kunywesha kijiko kwa kijiko. Hamadi, akiwa bado kijana, alimwambia pale makaburini: "Vita ikiisha, nitakurudishia kile kitenge."

Vita iliisha. Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Mwezi uliopita Hamadi alirudi kutoka Kalima na kifurushi cha karatasi, na Safi, akiwa mlangoni, aliona pembe yake: nyekundu, mikia ya tausi. Alipangusa mikono kwenye gauni. Alikwisha kuinyoosha. Hamadi akampita, akaingia upande wa pili wa nyumba, akakiweka mapajani kwa Nuru. "Cha kubebea mutoto," alisema.

Safi alibaki na mikono yake mlangoni. Kisha akaingia ndani kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

*

Jumatano asubuhi Amani, mtoto wa Nuru, mwenye mwaka mmoja na nusu, aliamka akiharisha maji. Saa tatu alikuwa amekwisha kuchafua vitambaa vitano. Nuru hakutaka kumpa kapsuli. Hilo Safi alilitambua mara moja, na lilimshangaza: dokta aliwauzia watu wote, ila kwa mtoto wake mwenyewe mkono ulisita.

Alikuja uani amembeba Amani ndani ya kitenge kile chekundu. Odette alikuwepo, anachambua muchele.

"Yaya," Nuru akasema, kama anavyoitwa dada mkubwa, "nipe kidogo kale kaunga kako."

Kale kaunga kako. Kama mtu anayeomba takataka za kuwashia moto. Labda hakukusudia. Alikuwa na usingizi machoni na nywele hazijachanwa. Lakini Safi hakuona macho wala nywele. Aliona mikia ya tausi imezunguka kiuno kile, na katikati ya mikia hiyo mtoto mzima, mwenye uhai.

Alifungua sanduku, akatoa kifuko kimoja. Maneno yalikuwa ulimini tayari, maneno aliyoyasema kwenye milango yote ya Mikelenge mpaka watoto wakayaimba: maji yaliyochemka yakapoa, lita moja kamili kwa kifuko kimoja, kijiko kwa kijiko, akitapika ngoja kidogo uanze tena, yakibaki mpaka kesho mwaga. Na baada ya maneno, siku zote, alimwazima mama kopo la kijani mpaka mtoto apone. Kopo lilikuwa karibu na mguu wake. Safi alilisukuma kwa kisigino, likaingia chini ya kiti.

"Unakoroga namna gani?" Nuru akauliza.

"Si wewe dokta? Utajua."

Odette akacheka, pf, kama mtu anayepuliza pumba. Nuru akauma mdomo, akageuka, akaondoka.

Dirisha la chumba cha Nuru lilitazama ua. Safi alimwona akichukua kikombe cha chai, akamimina unga wote ndani yake, akatia maji kidogo, akakoroga kama anavyokorogewa mtu mzima kidonge cha kichwa. Kikombe kimoja cha chai. Chumvi ya lita nzima. Safi alisimama. Alifika hata kuweka mkono kwenye fremu ya mlango. Kisha akajiambia: ataonja, atajua ni chumvi, atakuja kuuliza tena, na safari hii ataomba vizuri. Akakaa.

Nuru hakuonja. Mtoto alikunywa kwa pupa, kwa sababu alikuwa na kiu. Baada ya muda mfupi akatapika, akalia, akaomba maji, akatapika tena. Saa sita midomo yake ilikuwa mikavu na machozi hayatoki. Na wakati ule mtaa mzima ulikuwa umekwisha kusikia kwamba unga wa Mama Yassine nusura umuue mtoto wa mke mwenzake.

*

Simu ya Hamadi ilipigwa kutoka Kalima mchana. Nuru aliiweka sauti ya juu, uani, mbele ya Odette na wanawake wengine watatu waliokuja kusaidia kutazama.

"Safi. Ulimupa mutoto nini?"

"Unga wa kituo, Baba Yassine. Ule ule nampa kila mutoto."

"Watoto wengine hawatapiki. Wa humu ndani njo anatapika. Mimi iko mbali, sioni, lakini mimi si mujinga."

"Baba Yassine, sikiliza…"

"Usimuguse tena mutoto wangu. Umenisikia? Kama unataka kitu kwangu, ungoje nirudi, uniambie mimi. Usipitie kwa mutoto."

Simu ikakatika. Wanawake wakatazama ardhi, kila mmoja mahali pake. Safi alikuwa amevaa kizibao chake. Alikivaa asubuhi ile kwa sababu ilikuwa siku ya kuzunguka milango. Sasa kilimwasha mwilini.

"Tumupeleke kwa Arsène," akasema. Arsène alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa.

"Arsène ameenda Kailo na chanjo tangu jana," Odette akasema. "Kituo kimefungwa."

"Basi hospitali, mjini."

Nuru akampangusa Amani midomo. Hata katika mambo yale aliwaza watakavyosema: dokta wa Mikelenge anapanga foleni na mtoto wake anayeharisha. Na wakati anawaza, mvua ikafika. Haikutangulia na manyunyu. Iliangukia mabati kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye gari, na njia ya kuteremkia mjini, ambayo ni udongo mtupu na korongo katikati, ikawa mto. Pikipiki mbili zilizokuwa barabarani zilijificha chini ya paa la farmasi, na madereva wakasema hakuna anayeteremka pale mpaka ikatike, hata ungempa nini.

Wote wakajazana barazani kwa Nuru. Amani alikuwa kwenye mkeka, macho yameingia ndani, hakulia tena. Nuru alimtazama. Akainuka, akaingia kwenye kibanda chake cha bluu, akarudi na mkasi na ukanda wa kapsuli. Akakata moja. Akaomba kijiko.

Safi akasogea mkekani.

"Nuru. Hapana. Ile usimupe."

"Nampa nusu."

"Hata nusu. Tumbo litasimama na ugonjwa iko ndani. Naijua."

"Wewe unajua!" Nuru akageuka. Hakuwa na sauti ya dokta tena, alikuwa na sauti ya msichana aliyepotea sokoni. "Wewe ulimupa unga akatapika! Sasa hata hii unakataza! Unataka aharishe mpaka aishe, roho yako ipoe?"

"Mama Yassine," mmoja wa wanawake akasema, polepole, kama anayetoa ushauri mwema, "usitake kila mutu awe na kaburi kama lako."

Hapo Odette mwenyewe akashtuka. "Eh, mama, hiyo imezidi," akasema. Lakini lilikuwa limekwisha kusemwa, na hakuna aliyelikanusha.

Safi akatafuta neno. Aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kweli na yote yalikuwa hayafai, kwa sababu yalitoka kinywani mwake. Ungeweza kuyapima yote na ungekuta ndani yake wivu, kama vile mchanga unavyokutwa kwenye muchele mzuri. Na lililo baya zaidi lilikuwa hili: hata pale, mtoto akiwa mkekani, kulikuwa na Safi mdogo ndani ya Safi aliyeona wazi jinsi itakavyokuwa. Nuru atampa kapsuli. Kesho tumbo litakuwa gumu. Jina la dokta litaanguka, dirisha la bluu litafungwa, na hakuna hata mtu mmoja atakayeweza kusema kwamba Safi hakuonya. Alionya mbele ya mashahidi. Alikuwa amesafika. Ilibaki anyamaze tu.

Nuru alivuta kapsuli vipande viwili. Unga mweupe ukaanguka kwenye kijiko.

"Weka chini hicho kijiko," Safi akasema. "Kosa ni langu."

"Toka kwangu."

"Kifuko kimoja kinaingia kwenye lita moja ya maji. Lita. Wewe ulikitia kwenye kikombe cha chai. Ulimupa mutoto chumvi tupu, njo maana anatapika na kiu inamukausha. Kila mama namwambia kipimo, na kila mama namwazima kopo. Wewe sikukuambia. Kopo nililisukuma chini ya kiti na mguu wangu huu."

Mvua ilikuwa inapiga. Dereva mmoja wa pikipiki aliacha kutafuna.

"Labda ulisahau," Odette akasema, haraka, kama mtu anayemtupia kamba aliyetumbukia.

"Sikusahau. Nilimuona dirishani anakoroga. Nilisimama. Nikakaa."

"Uliniona?" Nuru akauliza.

"Nilikuona."

"Kwa sababu ya nini?"

Safi aliona haya kusema, maana sababu ilikuwa ndogo. Mtu angetegemea sababu kubwa zaidi ya mambo makubwa kama yale. "Kwa sababu ya hicho ulichofunga kiunoni," akasema.

Nuru akatazama kiuno chake. Alitazama mikia ya tausi kama mtu anayeonyeshwa kitu ambacho wengine wote walikuwa wanakiona. Kisha akamzaba Safi kofi, la mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kuume ulikuwa umeshika kijiko. Hakuna aliyemzuia. Safi naye hakujikinga.

"Mama Amani," Odette akasema taratibu, "muntu mwenye kutaka kuua hasemi vile mbele ya watu."

Nuru alisimama akihema. Aliutazama unga wa kapsuli ndani ya kijiko, akamtazama mtoto, akamtazama Safi, ambaye shavu lake lilikuwa linaanza kuvimba. Alikuwa anapima, na safari hii hakuwa na kikombe wala lita ya kupimia. Akakigeuza kijiko, unga ukamwagikia kwenye matope ya ukingoni mwa baraza. Kapsuli nyingine akaitoa kwenye ukanda, akaibakiza ndani ya kiganja.

"Lete kopo," akasema. "Lakini utakunywa wewe kwanza. Kila kijiko."

*

Kule kwao mwenye kukupa kinywaji huonja mbele yako. Anafanya mara moja, kwa heshima, watu wanacheka, mgeni anapokea. Hakuna aliyewahi kuona mtu anaonja kijiko kwa kijiko kama mfungwa. Lakini Nuru alisema vile, na ilikuwa haki yake.

Maji yalikuwepo kwenye birika, yamechemka tangu asubuhi na kupoa. Safi aliyamimina ndani ya kopo la kijani, polepole, mpaka kwenye mstari, akainama jicho likae sawa na mstari. Akachana kifuko. Alipokoroga, alisema maneno yote kwa sauti, yale ya milangoni, hata moja halikubaki. Nuru alikuwa anarudia kwa midomo bila sauti.

Kijiko cha kwanza Safi alikunywa mwenyewe. Nuru alimtazama kooni mpaka alipomeza. Cha pili kwa Amani, kijiko chake kingine, kidogo, pembeni ya mdomo. Cha tatu kwa Safi. Cha nne kwa Amani.

Mtoto alitapika kijiko cha sita. Nuru akafumba kiganja. "Unaona!"

"Tunangoja kidogo. Kiisha tunaanza tena, polepole zaidi."

"Tunangoja nini?"

"Tumbo lipumue. Hesabu pumzi zake kama hujui kukaa."

Wakangoja. Wakaanza tena. Kijiko kwa mwenye kosa, kijiko kwa mgonjwa. Magoti ya Safi yaliuma kwenye sakafu. Kinywa chake kilikuwa na ladha ya machozi, ile ladha ambayo unga ule unayo ukichanganywa sawasawa, na alifikiri kwamba Yassine hakuonja hata tone moja la maji yale. Lau angalikuwa na kopo wiki moja mapema. Lau mtu angalimwambia. Alifikiri hivyo mara nyingi katika maisha yake, siku zote akimlaumu huyo mtu ambaye hakumwambia. Leo ndipo kwa mara ya kwanza alipomjua sura.

"Mama Yassine," Odette akasema baada ya muda mrefu, "ukiendelea hivi, wewe njo utapona kuliko mutoto."

Mmoja akacheka, kisha wote, kicheko cha woga, hata dereva wa pikipiki. Nuru hakucheka. Lakini alikaa chini, akamchukua Amani mapajani, juu ya mikia ya tausi, akaanza kumshikilia kichwa ili kijiko kipite vizuri. Sasa walikuwa magoti kwa magoti, wake wawili wa mtu mmoja, karibu kuliko walivyopata kukaa.

Mvua ilipoanza kupungua, maji ya kopo yalikuwa yameshuka karibu nusu. Amani aligeuza macho, akakishika kijiko yeye mwenyewe. Halafu Nuru akaruka kidogo. Akanyanyua mtoto. Kwenye kitenge chekundu, doa lilikuwa linapanuka, la moto, la manjano.

"Amekojoa!" Safi akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Amekojoa! Maji yamefika!"

"Amekojoa!" Odette akapiga kigelegele cha kanisani, na mwanamke yule wa maneno ya kaburi akakipokea. Nuru alitazama doa, akafungua kiganja kujipangusa, na kapsuli ile ya pili ilikuwa imelainika kwa jasho, imemshika ngozi kama gundi. Ilibidi aikwangue kwa ukucha.

Mvua ilipokatika dereva mmoja alikubali kuteremka. Nuru alipanda na mtoto, amembeba ndani ya kitenge kile kile kilicholowa. Hakumwambia Safi twende. Lakini aliponyoosha mkono, alichoomba kilikuwa kopo, na hospitalini, walivyosimulia baadaye, aliendelea kijiko kwa kijiko kwenye foleni mpaka alipoitwa.

*

Amani alirudi Ijumaa, akinyonya titi la mama yake. Jumamosi Arsène alirudi kutoka Kailo. Habari ilikuwa imemfikia njiani. Alikaa uani kwa Safi, akakubali chai, hakuinywa.

"Wewe ulikuwa relais mzuri kuliko wote," akasema. "Lakini unga haufai kitu bila kinywa. Nikuachie vipi milango ya watu?"

Safi alikunja kizibao, akampa, na sanduku juu yake. Vifuko vikapelekwa kwenye dirisha la bluu, pamoja na kopo, kwa kuwa ndiko kina mama walikokwenda tayari, na Arsène alikaa na Nuru alasiri nzima akimfundisha. Kapsuli ziliendelea kuuzwa, lakini kwa watu wazima. Mwenye mtoto mgongoni alirudishwa.

Hamadi alikuja mwisho wa mwezi. Alimwona mtoto anatembea, akasikia habari kutoka kwa kila mtu isipokuwa wake zake. Siku mbili hakusema na Safi. Siku ya tatu alidai chakula, ikawa basi. Ya kitenge hakuuliza, na yamkini hakukumbuka kwamba kulikuwa na la kuulizwa. Nuru alikifua, akaendelea kukivaa. Labda watu wa hadithi nzuri wangesema alikitoa. Hakukitoa. Kilikuwa chake, alipewa.

Wivu wa Safi nao haukuisha. Ulihamia mahali pengine tu. Zamani uliuma aliposikia kicheko cha wanunuzi. Sasa uliuma aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye dirisha la bluu, kwa sauti changa: maji yaliyochemka yakapoa, lita moja kamili, kijiko kwa kijiko. Maneno aliyoyalipia kwa mtoto. Na watu wakijibu: asante, dokta.

Asubuhi moja, anatwanga sombe, alisikia mama mgeni dirishani, mtoto analia mgongoni. Nuru alieleza vizuri. Alitaja mstari wa kopo, alitaja kijiko, alitaja kungoja kidogo mtoto akitapika. Kisha mteja mwingine akaita, Nuru akageuka, na akasahau la mwisho.

Mchi wa Safi ukabaki hewani.

Yule mama alifunga kifuko kwenye pembe ya nguo, akachukua kopo la kijani, akashukuru, akaanza kuondoka. Akapita ubao. Akapita mlango wa Odette. Safi alihesabu hatua zake. Yatalala, maji yale, yatachacha kwenye joto, mtoto atayanywa kesho na kuharisha upya, na watu watauliza ni nani aliyetoa maelekezo. Hakuwa na kizibao. Hakuna aliyemtuma. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Mama!" akaita. Akatupa mchi, akakimbia mpaka kwenye ukingo wa barabara, mikono ya kijani ya sombe. "Mama, ngoja! Yakibaki mpaka kesho asubuhi, mwaga! Mwaga yote, ukoroge mengine!"

Yule mama akasimama, akamtazama mwanamke aliyetoka mbio uani, kisha akageukia dirisha la bluu. "Dokta, yule njo nani?"

Nuru alikuwa anakata kapsuli kwa mkasi. Hakuinua kichwa.

"Njo mwenye kopo," akasema. "Fanya anavyosema."

Safi akarudi kwenye kinu. Kitenge chekundu kilikuwa kwenye kamba ya nguo, kinakauka katikati ya milango miwili. Akakitazama kwa muda, mikia yote, mmoja mmoja. Kisha akaokota mchi, akaupangusa udongo, akatwanga.